Jiwe la Langoni

Chokaa haimngoji mtu.
Nilimwambia Kaingu hivyo siku ya kwanza,
akacheka, akazidi kukoroga,
mikono myeupe hadi viwikoni.
Miezi minne tulikuwa tumeilaza pipani chini ya maji,
matumbawe yaliyochomwa yakaisahau bahari,
yakawa laini kama uji wa mgonjwa.

Nabhan alitaka lango la Ngome
ukutani kwa nyanyake, uani, huku Kibokoni.
"Lote," alisema, "na misumari yake."
Akalipa nusu, akarudi Doha kazini.

Picha ya chokaa mbichi ni deni la siku moja.
Alfajiri unapaka kiasi utakachoweza kukichora,
adhuhuri ukuta unafumba mdomo.
Ulichosema umekisema.
Kosa halifutiki, hubanduliwa kwa patasi.

Nilianza na tao.
Kisha maandishi ya Wareno juu yake,
herufi nisizozijua maana,
nikaziiga kama mtoto wa chuoni anavyoiga alifu,
ulimi nje.
Kisha mbao. Misumari niliihesabu,
nikakosea,
nikashuka ngazi, nikaenda hadi Ngome kwa miguu
kuihesabu tena juani, watalii wakinipisha.

Udongo mwekundu wa Changamwe kwa kuta,
masizi ya kibatari kwa ufa wa mlango,
buluu ya kufulia kwa kivuli.
Kaingu akauliza, na bizari je?
Nikamwambia bizari ni mwongo:
ikionja chokaa hugeuka damu,
kisha hupauka, ikaisha.

Bi Mwanahawa hakuja kutazama.
Alituletea chai ya tangawizi kwa mkono wa mtumishi,
akakohoa nyuma ya pazia.
Siku tuliyokuwa tukiosha brashi ndipo akatoka.
Hakuutazama mlango, wala tao, wala herufi.
Alitazama chini,
muda mrefu,
pale ukuta unapokutana na sakafu.

"Jiwe liko wapi?"

Jiwe gani, Bi?

"Nalikikaa kitako hapa," akagonga kwa bakora,
"mkono wa kushoto. Babangu yu ndani,
yasemekana alimjibu vibaya karani wa bandari.
Mimi nje na bakuli. Samaki wa kupaka.
Askari asema ngoja, nami nangoja.
Huo mlango wako siujui, mwanangu.
Naliupa mgongo. Nalikuwa na miaka minane,
nalikiona miguu ya watu."

Akanyamaza, nikadhani amemaliza.

"Hata siku moja wakanambia hayuko, kahamishwa.
Wapi, hawakunambia.
Lile bakuli halikuvunjika.
Lilimwagika tu."

Alfajiri nilishika patasi.
Nikabandua kona ya kushoto, kazi ya siku nzima,
kivuli nilichokipenda kuliko misumari yote.
Kaingu akazoa vipande, hakusema neno.
Tukapaka chokaa mpya, ikang'aa kama jicho.

Naye akaketi kwenye kigoda nyuma yangu, akaamuru:
Fupi zaidi.
Si hivyo. Lina kibonde hapa,
akanionyesha kwa kiganja, kibonde cha mtoto.
Rangi yake si ya kuta. Ni ya mvua iliyokauka.
Nikaitafuta rangi hiyo hadi jasho likaniingia machoni.

Adhuhuri imekaribia, ukuta unaanza kunywa,
Kaingu akatoka jikoni vidole vimebana kitu.
Kabla sijamkataza akakinyunyiza
pembeni mwa jiwe, chini.
Manjano. Tukatazama.
Manjano yakaingiwa na hofu, yakawa mekundu.

Nikainua kisu nikikwangue.

"Liwache," alisema Bi Mwanahawa.

Basi limekaa, doa lenye upana wa ukucha.
Nabhan ametuma ujumbe kuuliza ni la nini, sijamjibu.
Na yule bibi sikumwambia
kwamba bizari haifiki masika ya pili.
Kaingu anajua.
Jana nilimkuta sokoni Mackinnon
akiuliza bei ya kibaba.